Somo la 9: Nishati Isiyokwisha

Ndugu msomaji, kila kazi inataka nguvu. Ukilima, unatumia nguvu ya mikono yako. Ukipika ugali, unatumia nguvu ya moto. Mashine ya kusaga hutumia nguvu ya dizeli au ya umeme. Nguvu hii inayofanya kazi na kutupa joto na mwanga huitwa nishati.

Nishati ni ya aina mbili. Aina ya kwanza huchimbwa ardhini. Hii ni makaa ya mawe, mafuta na gesi. Ukiichoma, imekwisha. Tena inapochomwa hutoa hewa ya ukaa, ambayo huongeza joto la dunia.

Aina ya pili haiishi. Jua huchomoza kila siku. Upepo huvuma. Mito hutiririka. Chini ya ardhi mna joto. Hii huitwa nishati jadidifu, yaani nishati inayojifanya upya.

Na kuni je? Mti hukua tena, kwa hiyo kuni nazo hurudi. Lakini tukikata miti upesi kuliko inavyokua, msitu huisha.

Dunia ilivyobadilika

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta zilizokuwa zikiuza. Katika miezi michache bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Nchi zisizochimba mafuta, kama Tanzania, zililazimika kutoa fedha nyingi zaidi za kigeni kwa mafuta yale yale.

Huko Ulaya, nchi ya Denmark nayo ilitegemea sana mafuta ya kununua. Baada ya shida hiyo watu wake walitia bidii kujenga mitambo ya upepo. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark hutokana na upepo.

Umeme wa jua ulichelewa kuenea kwa sababu ulikuwa ghali. Baadaye viwanda, hasa vya China, vilitengeneza paneli nyingi sana na bei ikashuka. Kati ya mwaka 2010 na 2020, gharama ya umeme wa jua wa mitambo mikubwa ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2024, zaidi ya asilimia 30 ya umeme wote wa dunia ulitokana na maji, upepo, jua na vyanzo vingine visivyokwisha.

Hapa Afrika Mashariki

Sisi tulianza na maji. Kituo cha Hale, katika mto Pangani, kilianza mwaka 1964. Nguvu yake ni megawati 21. Kituo cha Kidatu kilifuata mwaka 1975. Katika mto Rufiji limejengwa bwawa la Julius Nyerere. Mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024, na mitambo yote 9 ilikamilika mwaka 2025. Nguvu yake ni megawati 2,115. Hiyo ni karibu mara 100 ya Hale.

Megawati moja ni wati 1,000,000. Inaweza kuwasha taa 100,000, kila taa ikiwa ya wati 10.

Jirani zetu wa Kenya wanatumia pia joto la ardhini. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa moto kutoka chini ya ardhi umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981. Karibu na Ziwa Turkana imesimikwa mitambo 365 ya upepo. Kati ya kila sehemu 10 za umeme unaozalishwa Kenya, karibu 9 hutokana na nishati isiyokwisha.

Lakini kila chanzo kina udhaifu wake. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji ya bwawa la Mtera, na Watanzania wakapata umeme kwa mgao. Jua nalo huzama, na upepo hutulia. Kwa hiyo nchi hufanya vizuri kuwa na vyanzo vingi, ili kimoja kikipungua kingine kisaidie.

Umeme si nishati yote

Mtu akisikia habari hizi anaweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Bado. Umeme ni sehemu moja tu ya nishati. Kuna magari, meli, ndege na viwanda. Tukihesabu nishati yote ya dunia, kati ya kila sehemu 10, karibu 8 bado hutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Tena kuna jiko. Zaidi ya watu bilioni 2 duniani bado hupikia kuni, mkaa, samadi kavu au mafuta ya taa. Katika vijiji vingi taa za umeme zimefika, lakini chungu kiko juu ya mafiga yale yale. Akina mama na watoto hufuata kuni mbali, na moshi huwaumiza macho na mapafu. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo.

Piga hesabu kabla ya kununua

Umejifunza kusoma na kuhesabu. Elimu hiyo ikulinde dukani. Tazama wati zilizoandikwa nyuma ya paneli, kisha zidisha kwa saa za jua kali.

Paneli ya wati 20, kwa saa 5 za jua: 20 x 5 = 100.
Taa 3 za wati 5, kwa saa 4 za usiku: 3 x 5 x 4 = 60.
Jiko la umeme la wati 1,000, kwa saa 1: 1,000 x 1 = 1,000.

Unaona? Paneli hii inatosha taa zako 3, na inabaki ya kuchaji simu. Lakini jiko linataka mara 10 ya nguvu yake. Muuzaji akikuambia kwamba paneli hiyo itapika pia, usitoe fedha zako.

Kwa kupika, tafuta njia nyingine. Penye umeme wa gridi, jiko la umeme linawezekana. Mwenye ng'ombe wa ndani anaweza kutengeneza gesi kwa samadi yao. Asiye na hayo atumie jiko sanifu, ambalo hula kuni chache, na apande miti kufidia anayokata.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja vyanzo vinne vya nishati jadidifu.
2. Kwa nini kuni zinaweza kwisha ingawa miti hukua tena?
3. Paneli ya wati 50 itatoa kiasi gani kwa saa 5 za jua kali? Itawasha taa ngapi za wati 5 kwa saa 4?
4. Nyumbani kwenu mnapikia nini? Nani hutafuta kuni, na huchukua saa ngapi kwa juma?
5. Kijiji chenu kina nini zaidi: jua, maji, upepo au samadi? Mnaweza kuanza na kipi?