Ufahamu na Ufupisho: Kusoma Maandishi Yanayohusu Chakula na Afya

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili uweze:
(a) kutofautisha dai na ushahidi katika kifungu kinachohusu chakula na afya;
(b) kujibu maswali ya ufahamu kwa kutumia kifungu ulichopewa, si kwa kutumia unayoyajua nje ya kifungu;
(c) kufupisha kifungu bila kuongeza wala kupotosha hoja za mwandishi.

1. Utangulizi

Vifungu vinavyohusu chakula, mlo na afya huonekana vyepesi. Kila mtahiniwa hula, kwa hiyo kila mtahiniwa hudhani anaijua mada kabla hajasoma. Hapo ndipo wengi hupoteza alama. Swali linauliza mwandishi amesema nini. Mtahiniwa anajibu alichofundishwa kwenye Baiolojia au alichokisikia kwa bibi yake. Jibu linaweza kuwa la kweli kabisa na bado likapata sifuri, kwa sababu halimo kwenye kifungu.

Ipo pia sababu isiyohusu mtihani. Mama yangu mdogo ana ugonjwa wa kisukari. Miaka kadhaa iliyopita alinunua kijitabu kwenye stendi ya mabasi. Kiliandikwa kwa Kiswahili kizuri, na kilisema kwamba mgonjwa atakayekunywa maji ya majani fulani kwa siku 21 atapona na hatahitaji dawa tena. Aliacha dawa. Wiki ya tatu alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Aliokolewa, lakini kidonda kilichomwanza mguuni kipindi kile kilimgharimu vidole viwili. Baadaye nilikisoma kijitabu chote, kurasa 48. Sikukuta hata sentensi moja iliyoeleza ni watu wangapi walijaribu, nani alipona, wala walilinganishwa na nani. Mama mdogo alijua kusoma vizuri. Alichokosa ni maswali ya kukiuliza kitabu. Maswali hayo ndiyo somo letu.

2. Maneno ya msingi

*Dai* ni jambo ambalo mwandishi anataka tulikubali. Mfano: "Dona ina virutubisho vingi kuliko sembe."

*Sababu* ni maelezo ya kwa nini dai linaweza kuwa kweli. Mfano: "Mahindi ya sembe hukobolewa, pumba na kiini cha punje vikaondolewa kabla ya kusaga."

*Ushahidi* ni kile kilichopimwa au kushuhudiwa. Mfano: unga wa dona na wa sembe ukipimwa maabara, kiasi cha virutubisho vya kila mmoja kikaandikwa.

*Ulinganisho* ni kuweka vitu viwili au zaidi katika hali moja ili tofauti ionekane. Mtu mmoja akinywa dawa akapona, hatujui kama angepona hata bila dawa hiyo. Ndiyo maana ushahidi usio na ulinganisho ni dhaifu.

*Kikomo* ni mahali ushahidi unapoishia. Kilichoonekana kwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja hakithibitishi lolote kuhusu ugonjwa mwingine.

3. Kifungu cha mfano

*Soma kwa makini kifungu kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata.*

Katika karne ya 18, mabaharia waliokaa baharini kwa miezi mingi waliugua ugonjwa uitwao kiseyeye. Fizi zilivimba na kutoa damu, meno yalilegea, majeraha ya zamani yalifunguka upya, na wengi walikufa. Chakula chao kikuu kilikuwa biskuti ngumu na nyama iliyohifadhiwa kwa chumvi. Kuhusu chanzo, kila tabibu alikuwa na lake: huyu alilaumu hewa ya baharini, yule uvivu, mwingine chumvi. Vitabu viliandikwa, lakini vingi vilirudia tu maneno ya vitabu vilivyotangulia.

Mwezi Mei 1747, James Lind, daktari wa upasuaji kutoka Uskoti aliyefanya kazi katika meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliamua kupima badala ya kubishana. Aliwachukua wagonjwa 12 ambao hali zao zilikaribiana, akawalaza mahali pamoja na kuwapa mlo wa aina moja. Kisha aliwagawa wawili wawili, na kila jozi ikapewa tiba yake. Jozi ya kwanza ilipewa kinywaji cha matufaha kilichochachushwa; ya pili, asidi iliyozimuliwa; ya tatu, siki; ya nne, maji ya bahari; ya tano, machungwa mawili na limau moja kila siku; na ya sita, mchanganyiko wa viungo kama kitunguu saumu na haradali. Matunda yaliisha baada ya siku sita tu. Hata hivyo, mmoja wa waliokula matunda alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake alikuwa na nafuu kubwa kiasi cha kupewa kazi ya kuwauguza wengine. Waliopewa kinywaji cha matufaha walipata nafuu kidogo. Waliosalia hawakuonyesha nafuu ya kutajwa.

Mwaka 1753 Lind alichapisha kitabu kuhusu kiseyeye. Maelezo ya jaribio lake yalichukua kurasa chache tu ndani ya kitabu kinene. Zaidi ya hayo, alipendekeza kwamba juisi ya machungwa na malimau ipashwe moto kwa saa nyingi hadi iwe nzito, ili iweze kuhifadhiwa safarini. Hakujua kwamba moto huharibu kile kilichomo ndani ya tunda kinachotibu kiseyeye, ambacho leo tunakiita vitamini C. Juisi hiyo nzito haikuwamo katika jaribio lake la 1747.

Jeshi la wanamaji la Uingereza lilianza kuwapa mabaharia wake juisi ya malimau kuanzia mwaka 1795, mwaka mmoja baada ya Lind kufariki. Ilikuwa imepita miaka 42 tangu kitabu kitoke. Hivyo kitabu kile kilikuwa sahihi palipokuwa na jaribio, na kikakosea pale mwandishi alipokisia.

4. Maswali ya ufahamu na majibu yake

(a) *Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi matano.*

Jibu: Lind na Tiba ya Kiseyeye.

Maelezo: Kichwa "Faida za Matunda" hakifai kwa sababu kifungu hakizungumzii faida zote za matunda. "Ugonjwa wa Kiseyeye" kinakaribia, ila kinaacha jaribio ambalo ndilo kiini cha kifungu.

(b) *Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu: (i) jozi (ii) iliyozimuliwa (iii) alipokisia.*

Jibu: (i) wagonjwa wawili waliowekwa pamoja kupewa tiba moja; (ii) iliyopunguzwa ukali kwa kuongezwa maji; (iii) alipodhania jambo bila kulipima.

Maelezo: Maneno "kama yalivyotumika" yana uzito. Jozi inaweza kuwa ya viatu, lakini hapa ni ya wagonjwa.

(c) *Kwa nini Lind alichagua wagonjwa ambao hali zao zilikaribiana na kuwapa mlo wa aina moja?*

Jibu: Ili tofauti yoyote itakayoonekana itokane na tiba waliyopewa, si na hali zao au chakula chao.

Maelezo: Mwandishi hakuliandika jibu hili wazi. Linapatikana kwa kuunganisha maneno yake "aliamua kupima" na namna alivyopanga jaribio. Hili ni swali la kufikiri, na bado linajibiwa kutoka ndani ya kifungu.

(d) *Taja pendekezo moja la Lind lililokuwa na ushahidi na moja lisilokuwa nao.*

Jibu: Matunda mabichi kutibu kiseyeye kulikuwa na ushahidi wa jaribio la wagonjwa 12. Juisi iliyopashwa moto hadi kuwa nzito haikuwa na ushahidi huo, kwani haikuwamo katika jaribio.

(e) *"Kifungu kinathibitisha kwamba malimau hutibu kila ugonjwa." Je, kauli hii ni sahihi? Toa sababu.*

Jibu: Si sahihi. Wagonjwa wote wanaotajwa katika jaribio walikuwa na kiseyeye. Kifungu hakisemi lolote kuhusu magonjwa mengine.

Maelezo: Hapa swali linapima kikomo. Mtahiniwa anayejibu "Ndiyo, kwa sababu malimau yana vitamini" ametumia neno la kweli kufikia jibu lisilo la kweli.

5. Ufupisho

*Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 40.*

Hatua ya kwanza: Soma aya mara mbili bila kuandika chochote.

Hatua ya pili: Orodhesha hoja kuu katika rasimu:
- Lind, 1747, wagonjwa 12 wa kiseyeye wenye hali na mlo unaofanana
- jozi sita, tiba tofauti
- wa matunda: nafuu kubwa na ya haraka
- wa kinywaji cha matufaha: nafuu kidogo
- wengine: hakuna

Hatua ya tatu: Acha mifano na mapambo. Jina la meli, kitunguu saumu na haradali si lazima.

Hatua ya nne: Unganisha hoja kwa maneno yako, kisha hesabu maneno.

Nakili safi: *Mwaka 1747 James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye, waliofanana hali na mlo, katika jozi sita zenye tiba tofauti. Waliokula machungwa na malimau walipata nafuu haraka kuliko wote. Waliopewa kinywaji cha matufaha walipata nafuu kidogo. Waliosalia hawakupata nafuu ya kutajwa.* (Maneno 40)

Angalia neno "walipata nafuu". Hatukuandika "walipona", kwa kuwa aya haisemi kwamba wote wawili walipona kabisa. Neno moja likikuzwa, ufupisho umegeuka kuwa uongo, hata kama hukukusudia.

6. Makosa ya kuepuka

(i) Kuongeza. Ukitaja vitamini C katika ufupisho wa aya ya pili umekosea, kwa sababu imetajwa katika aya ya tatu.

(ii) Kukuza. Maneno kama "kabisa", "yote", "kila mtu" na "milele" yasiandikwe kama mwandishi hakuyaandika.

(iii) Kunakili. Kuchukua sentensi nzima za mwandishi si kufupisha.

(iv) Kuacha ulinganisho. Ukiandika tu kwamba waliokula matunda walipata nafuu, umeacha nusu ya ushahidi. Nguvu ya jaribio iko katika jozi tano nyingine.

7. Zoezi

*Soma kifungu kifuatacho kisha jibu maswali.*

Maji ya ndimu yakinywewa kila asubuhi huondoa mafuta yote mwilini. Jirani yangu alikunywa kwa mwezi mmoja akapungua kilo nne. Katika mwezi huohuo aliacha soda na chapati, akaanza kutembea kwa miguu kwenda kazini. Wazee wetu walitumia ndimu tangu zamani, hivyo hakuna haja ya kuuliza zaidi.

(a) Andika dai kuu la mwandishi.
(b) Taja ushahidi alioutoa.
(c) Mbali na maji ya ndimu, taja mambo mawili ambayo huenda yalimpunguza jirani uzito.
(d) Je, matumizi ya zamani yanatosha kuwa ushahidi wa dai hili? Jibu kwa kurejea kifungu cha Lind.
(e) Fupisha kifungu kwa maneno yasiyozidi 20.

Mwongozo: Katika (b) usiongeze mtu wa pili, mwandishi ametaja jirani mmoja tu. Katika (c) majibu yote yamo ndani ya kifungu. Katika (d) kumbuka vitabu vilivyorudia maneno ya vitabu vilivyotangulia. Katika (e) eleza alichosema mwandishi hata kama hukubaliani naye. Kumkosoa si kazi ya ufupisho.

8. Kumbuka

Ukikuta maandishi yoyote ya chakula na afya, yawe ya mtihani, ya kitabu au ya tangazo, uliza maswali manne: Anadai nini? Nani alipima, na kwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Ushahidi unaishia wapi? Na mgonjwa aliyeandikiwa dawa asiiache kwa sababu ya kitabu. Azungumze kwanza na daktari wake.

Mama mdogo bado hununua vijitabu. Siku hizi huvisoma akiwa na penseli, na akikuta dai lisilo na ushahidi huandika pembeni: "Wangapi?" Fanya hivyohivyo kwenye rasimu yako.