Maneno Mbele ya Kitanda cha Mgonjwa



Tumezoea kuandika hapa juu ya chandarua, maji ya kunywa na uzito wa watoto. Mara hii tunaandika juu ya kitu kisichopimwa kwa kijiko wala kwa sindano, ambacho kila mmoja wetu anacho kinywani. Msishangae muuguzi akiandika jambo linalokaribia mahubiri. Mahubiri tunawaachia mapadre na makatekista. Sisi tutaeleza tuliyoyaona wodini, tukianza na kosa letu wenyewe.

Miaka mingi iliyopita, katika kituo tulichokuwa tukifanya kazi, aliletwa usiku mama wa uzazi wa tatu. Alilia kwa sauti kubwa. Wodi ilikuwa imejaa, nasi tulikuwa wawili tu tangu jioni, tumechoka. Tukamtupia yale maneno ambayo akina mama wengi mnayajua: “Mbona ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba hukulia?” Akanyamaza, nasi tukaona afadhali. Alijifungua salama mtoto wa kike. Tukamfunika, tukaenda kwa wengine. Tulipopita tena na taa tulikuta kanga zake zote zimelowa damu. Alikuwa na fahamu zake, tena alikuwa ameihisi damu ikimtoka, lakini hakutuita. Tulipomwuliza sababu alijibu kwa sauti ndogo, “Niliogopa mtanigombeza tena, dada.”

Tulimkanda tumbo, tukamchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, tukamtundikia maji ya mshipa. Mungu alimhurumia, akapona. Lakini mimba iliyofuata hakuja kwetu. Tulisikia kwamba alijifungulia nyumbani.

Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika saa chache tu, na mara nyingi mtu wa kwanza kujua kwamba damu inazidi ni yeye mwenyewe. Tukimfunga mdomo kwa ukali, tumeizima taa ambayo ingetuonyesha hatari. Tena hofu ina kazi yake mwilini hata kabla ya mtoto kutoka. Mtu akiogopa, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini, moyo hupiga mbio, na kwa mama mwenye uchungu homoni hiyo inaweza kuupunguza nguvu uchungu wenyewe. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2014 juu ya kukomesha matusi na dharau kwa akina mama wakati wa kujifungua, na katika mwongozo wake wa mwaka 2018 likashauri kila mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kukaa naye. Hatukuwa na habari hizo usiku ule. Walakini tulikuwa tumebatizwa, na hilo lingetosha.

Kila mmoja na kifua chake

Jumapili iliyofuata tulisimama kanisani kama kawaida tukasali Nakuungamia. Sala hiyo huwa tunaikimbiza. Siku hiyo ilitukwama kooni, kwa maana ndani yake tunataja makosa ya mawazo, ya maneno, ya vitendo, na ya wajibu tulioacha kuutimiza. Sisi tulikuwa na neno tulilolisema na wajibu tulioupuuza, katika usiku mmoja.

Tazameni pia mikono yenu mnapoisali. Kila mmoja anajipiga kifua chake mwenyewe. Hakuna anayempiga kifua jirani aliye naye kwenye benchi. Jambo hili dogo tumelifikiria miaka mingi, na tutalirudia huko mbele, maana tunaona ndipo palipo na tofauti kati ya neno linaloponya na neno linaloua.

Ibada yetu imejaa ulinzi wa kinywa. Kabla ya Injili tunachora msalaba mdogo kwenye paji la uso, kwenye midomo na kifuani. Katika ubatizo ipo desturi ya padre kugusa masikio na kinywa cha mtoto, kwa kumbukumbu ya Yesu alivyomponya yule kiziwi katika Injili ya Marko, sura ya 7. Na kabla ya kukomunika tunatumia imani ya yule akida wa Kapernaumu (Mathayo 8), aliyeona kwamba neno moja la Bwana latosha kumponya mtumishi wake aliyelala mgonjwa nyumbani. Lakini katika Mpako wa Wagonjwa padre humwekea mgonjwa mikono kichwani akiwa kimya kabisa. Wanaokwenda kuwaona wagonjwa wangeiga kimya hicho, maana wengine hufika kitandani wakiwa na habari za kila aliyekufa kwa ugonjwa uleule.

Wazee wetu na hasira iliyofichwa

Hapa Kyela, na Unyakyusani kote, jambo hili halikuletwa na wamisionari peke yao. Katika miaka ya 1930 waliishi huku mume na mke watafiti, Godfrey na Monica Wilson, na baadaye Monica aliandika vitabu juu ya maisha ya wazee wetu. Anaeleza waliyoyaamini: kwamba hasira ya majirani au ya ndugu, hata ikiwa ya haki, inaweza kumletea mtu baridi na ugonjwa. Waliiita pumzi ya watu. Kwa hiyo ndugu walipokutana kwa ajili ya mgonjwa, mwenye kinyongo alitakiwa akitoe hadharani kwa kinywa chake, na maji yalipulizwa kutoka mdomoni kuwa ishara kwamba hasira imetoka, haikubaki ndani.

Sisi wauguzi hatufundishi kwamba hasira ya jirani huleta malaria. Malaria huletwa na mbu. Lakini wazee walikuwa wameona kitu cha kweli: nyumba yenye kinyongo haimuuguzi mgonjwa wake vizuri. Tumewaona wagonjwa wasioletewa uji kwa sababu ya ugomvi wa shamba la kokoa. Tumemwona mkamwana akiumwa siku nne bila baba mkwe kujua, kwa vile kwa desturi hawasemezani, na mama mkwe aliyepaswa kuupeleka ujumbe alikuwa amenuna.

Sasa turudi kwenye kifua. Desturi ile ya wazee ilikuwa nzuri pale mtu aliposema, “Mimi nilikukasirikia.” Iligeuka hatari pale watu walipoanza kusema, “Wewe ndiwe uliyemloga.” Neno la kwanza ni ungamo, la pili ni hukumu, na hukumu hiyo bado inaharibu watu hata leo. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka 50 wa jikoni anaitwa mchawi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu wakati wa Mwingereza, inamhesabu mwenye kumsingizia mwenzake uchawi kuwa ni mkosaji. Watu wanaijua, na wananong'ona vilevile.

Na mnong'ono huo unawaua watoto pia. Mtoto wa Ngonga au wa Ipinda anashikwa na degedege usiku. Badala ya kutafuta pikipiki, watu wazima wanakaa kuulizana nani alipita uani jioni, nani alimsifia mtoto, nani ana deni. Saa mbili zinapita, kisha nne. Degedege pamoja na homa huenda ni malaria kali iliyofika kwenye ubongo, au homa ya uti wa mgongo. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au anayelegea na kukosa fahamu, apelekwe kituo cha tiba mara moja. Mlazeni kiubavu njiani, msimtie kitu chochote mdomoni. Sindano ya malaria kali ipo na inafanya kazi vizuri sana ikiwahi. Maneno ya nani kafanya nini hayana nafasi katika saa hiyo.

Mkoa wetu wa Mbeya uliumizwa sana na UKIMWI, na karibu kila familia inayosoma gazeti hili ina kaburi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa katika mpango wa serikali mwaka 2004, na leo mtu anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Wengi hawajalisikia hilo. Walichosikia ni “amekanyaga waya” na “ana mdudu”, kwenye kisima, sokoni, hata kwenye ngazi za kanisa. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa mwenye virusi, lakini hakuna askari anayesimama kisimani. Tunamfahamu mama aliyekuwa akipanda gari kwenda kliniki ya mbali ili asionekane na wanajumuiya wenzake. Mvua kubwa zilipokata barabara alikosa dawa wiki tatu. Kwa nauli ile angenunua mboga za mwezi.

Mnapokwenda kumwona mgonjwa

Salimieni kwanza, na msiipite salamu haraka. “Ugonile” yetu inamwuliza mtu kama amelala, na kwa mgonjwa hilo ni swali la kweli. Subirini jibu. Msiulize jina la ugonjwa; akitaka atasema. Msimwambie amekonda, kwani anajiona. Akilia msimnyamazishe, wala msimzuie kumeza dawa za hospitali kwa sababu mmemwombea. Sala na dawa hazijagombana. Na kama mmoja wenu ana kinyongo naye, aseme kwa “mimi”, kwa maneno machache, mgonjwa asichoshwe.

Jumuiya zilituomba maombi ya kutumia nyumbani kwa mgonjwa. Tumeandika haya, na padre wenu anaweza kuyarekebisha:

Tuwaombee wanaolala usiku huu kwa maumivu katika nyumba zetu na mahospitalini: wapate karibu yao mtu wa kuwasikiliza. Ee Bwana, twakuomba utusikie.

Tuwaombee wauguzi, wakunga na waganga: unapowazidi uchovu, uwashike ulimi wao. Ee Bwana, twakuomba utusikie.

Tuwaombee waliotajwa vibaya katika kijiji chetu, na sisi tuliowataja: utupe ujasiri wa kwenda mlangoni kwao. Ee Bwana, twakuomba utusikie.

Baada ya ombi la tatu tunashauri mkae kimya kidogo. Katika jumuiya moja kimya hicho kilirefuka, kisha baba mmoja akasimama, akatoka nje, akavuka shamba la mpunga kwenda kwa ndugu yake. Waliobaki walimsubiri mpaka chai ikapoa.