Uombee Mtaa Wako: Vidokezo 6 kwa Mwenye Shughuli Nyingi

Mtaro umejaa taka, umeme umekatika, na jirani mmoja kafungulia muziki mpaka saa nane usiku. Kabla hujasema "mtaa huu hauna dawa", hebu uombee kwanza. Dakika tano zinatosha, hata ukiwa umening'inia kwenye daladala. Haya, twende!

1. Omba ukitembea
Unakwenda dukani? Basi safari ya sala imeshaanza. Ukipita zahanati, waombee wauguzi wa zamu ya usiku. Ukifika kijiwe cha bodaboda, waombee vijana warudi nyumbani salama. Shuleni, waombee walimu. Wala huna haja ya kufumba macho, angalia mashimo!

2. Taja majina
"Ee Mungu, ubariki mtaa wetu" ni sala njema. Ila ukimtaja mama lishe wa pale kona, aliyewasha jiko lake tangu alfajiri, moyo wako nao unaamka. Andika majina matano kwenye simu, moja kwa kila siku ya kazi. Na yule wa muziki je? Mpe Alhamisi. Ni vigumu kumchukia mtu unayemwombea kila wiki.

3. Watafute wako 10
Abrahamu alipoiombea Sodoma isiangamizwe wakipatikana wenye haki, alianza na 50, akabembeleza mpaka 10. Kule hawakutimia. Kwako je? Hebu hesabu: muuza duka anayekukimbilia na chenji uliyoisahau, bibi anayelea wajukuu yatima, kijana aliyezibua mtaro bila kutumwa. Utafika 10 kabla chai haijapoa! Anza sala kwa kuwashukuru hao, na matumaini yatakuja yenyewe.

4. Usiombe peke yako
Mwaka 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi walizipa kipaumbele jumuiya ndogondogo, ili imani iishi miongoni mwa majirani. Kama unasali jumuiya, au kikundi cha nyumba kwa nyumba, peleka ombi moja la mtaa kila mnapokutana. Moja tu, lakini mahususi: "kisima chetu", "watoto wanaovuka barabara kuu".

5. Shika na fagio
Nehemia aliposikia ukuta wa Yerusalemu umebomoka, alilia, akafunga, akaomba. Kisha akaenda kujenga. Ukuta ulikamilika kwa siku 52, na wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Umeombea usafi? Jumamosi ya mwisho wa mwezi toka na fagio, uanzie mlangoni pako.

6. Weka daftari la majibu
Upande mmoja andika ombi na tarehe, upande wa pili jibu. Taa ya barabarani imewaka? Andika. Jirani kapona? Andika. Siku ukichoka, lifungue usome.

Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wauombee mji ule wa ugenini, kwa kuwa amani yake ndiyo amani yao. Basi hata kama umepanga chumba kimoja tu, mtaa huo ni wako. Leo usiku, kabla hujazima taa, chagua jina moja uliombee. Kesho ukikutana na mwenye jina hilo, msalimie.