Somo la Wiki: Kukemea, Kuonya, Kukanya na Kukabidhi



Wiki hii tunajifunza maneno manne ambayo watu wazima huyahitaji wanapolea. Someni kisa hiki kwa sauti, mtoto na mzazi mkipokezana aya.

KISA

Ian Wright alizaliwa London mwaka 1963. Wazazi wake walitoka Jamaika. Nyumbani hakukuwa na raha, kwani baba wa kambo alikuwa mkali mno, na mtoto alikuja shuleni na hasira zake. Alisumbua darasani, akawa anatolewa nje.

Mwalimu mmoja, Sydney Pigden, alimwona amesimama nje ya darasa. Mzee huyu aliwahi kuwa rubani wa ndege za kivita katika Vita Kuu ya Pili. Alimchukua Ian, akamfundisha kusoma na kuandika. Tena akampa kazi: kukusanya madaftari ya mahudhurio na kugawa maziwa. Mtoto aliyekuwa akifukuzwa sasa akawa anatumwa na kuaminiwa.

Uwanjani, Ian alipenda kubutua mpira kwa nguvu zote. Mwalimu akamweleza kuwa Jimmy Greaves, mfungaji hodari wa England, aliuweka mpira wavuni taratibu, kama anayempasia mwenzake.

Je, shida ziliisha? Hapana. Alipokuwa kijana, Ian alifungwa jela kwa muda mfupi kwa kutolipa faini. Crystal Palace walimsajili mwaka 1985, akiwa anakaribia miaka 22, umri ambao wengi huona umeshachelewa. Baadaye aliifungia Arsenal mabao 185 na kuichezea England mechi 33.

Alipokwisha kustaafu, watengeneza filamu walimkutanisha na mwalimu wake katika uwanja wa Highbury. Ian alikuwa ameambiwa kuwa Mwalimu Pigden alishafariki. Alipomwona, alivua kofia papo hapo, akamkumbatia huku akilia. Sisi tungesema ametoa shikamoo.

MANENO

Kukemea: kumwambia mtu kwa ukali aache jambo. "Wewe! Shuka hapo!"

Kuonya: kumwambia mtu mapema juu ya hatari. "Ukibutua, mpira utapaa." Hapa tunapata neno onyo, wingi wake maonyo.

Kukanya: kumkataza mtu baya ili ashike jema. "Mwanangu, kupigana si vizuri. Ukikasirika, njoo uniambie."

Kukabidhi: kumpa mtu kitu au kazi aitunze. "Nimekukabidhi funguo."

MASWALI

1. Mwalimu Pigden alimkabidhi Ian kazi gani?
2. Kwa nini Ian alivua kofia?
3. Je, umewahi kutolewa darasani? Nani alikuja kukuuliza una nini?
4. Tunga sentensi moja kwa kila neno tulilojifunza.

KWA WAZAZI

Mimi ni muuguzi. Najua kutoka zamu ya usiku miguu inauma, na ujumbe wa shule umeshaingia kwenye simu: mtoto amefanya fujo tena. Kwa uchovu ule, neno la kwanza kutoka mdomoni ni la kukemea, na hutoka kwa Kiswahili. Sifa na upole mtoto anavipata kwa Kiingereza kutoka kwa walimu wake. Darasani kwetu wapo watoto wanaojua "acha!" na "nyamaza!" vizuri sana, lakini "umefanya vyema, mwanangu" hawajawahi kuisikia. Mtoto huyo atakipendaje Kiswahili? Na siku akiwa na shida kubwa, atakuja kuieleza kwa lugha ambayo yeye anagombezwa nayo tu?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje, hawakusema mvunje. Kumkanya mtoto ni wajibu wetu, lakini kukanya bila kumkabidhi kitu ni nusu ya kazi.

KAZI YA NYUMBANI

Mzazi: mkabidhi mtoto kazi moja wiki hii, kwa Kiswahili. Kupika chai ya Jumapili, kumpigia bibi simu, kumsomea mdogo wake hadithi. Mwachie aifanye mwenyewe, hata chai ikizidi sukari. Akimaliza, msifu kwa Kiswahili.

Mtoto: andika sentensi tano kuhusu kazi uliyokabidhiwa. Njoo nazo Jumamosi, tutasomeana.