Mtoataarifa au Mwandishi Mwenza? Mkataba wa Maandishi na Hakimiliki katika Uandishi Kuhusu Lugha za Singida

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili umuhimu wa mkataba wa maandishi baina ya watu wanaoandika kitabu kwa pamoja. Mifano inatokana na Mkoa wa Singida, wenye lugha kama Kinyaturu (Kirimi), Kinyiramba na Kiihanzu. Inadaiwa hapa kwamba istilahi "mtoataarifa", iliyozoeleka katika isimu, huficha mara nyingi kazi ambayo kisheria ni ya uandishi.

2.0 Jina katika kazi iliyochapishwa

Mwaka 1967 jarida la Transition, lililokuwa likitolewa Kampala, lilichapisha makala "Praising the Sun", yanayohusu Wanyaturu, kwa majina matatu: Marguerite Jellicoe, Vincent Puja na Jeremiah Sombi. Mwaka 1978 kitabu cha Jellicoe, The Long Path, kinachochunguza mabadiliko ya jamii katika eneo la Wahi, Singida, kilitoka kwa jina lake peke yake. Tofauti hiyo haithibitishi dhuluma yoyote, kwani hizo ni kazi mbili mbalimbali. Hata hivyo, inadhihirisha kwamba jalada hueleza nani ametajwa, wala halielezi nani alifanya nini.

3.0 Msimamo wa sheria

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inayotumika Tanzania Bara, waandishi wenza ndio wamiliki wa awali wa kazi yao. Iwapo sehemu zinaweza kutumiwa mbalimbali, na mwandishi wa kila sehemu anafahamika, kila mmoja humiliki sehemu yake. Sheria hiyo ilikadiria ulinzi kuwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Katika kazi ya pamoja, miaka hiyo huhesabiwa tangu kufariki kwa mwandishi wa mwisho.

Chukulia kamusi ya Kinyaturu inayoandaliwa na mhadhiri na mwalimu mzawa wa lugha hiyo. Maneno yenyewe hayana mwenyewe. Ni mali ya wasemaji wote. Lakini fasili, sentensi za mifano na mpangilio wa vidahizo ni kazi ya uandishi. Mwalimu akitamka tu neno na maana yake, yeye ni mtoataarifa. Akitunga fasili na mifano, ni mwandishi, hata kama daftari ni la mhadhiri. Ngano za mapokeo nazo ni suala jingine, kwa kuwa sheria hiyo ilizitengea ulinzi wake kama sanaa za jadi.

4.0 Yanayopaswa kuandikwa

Mkataba ufaao hutiwa saini kabla ya kazi kuanza, nao hubainisha:

(a) majina na mfuatano wake jaladani;
(b) sehemu iliyoandikwa na kila mmoja;
(c) mgawanyo wa mrabaha;
(d) idhini ya tafsiri na matoleo mapya;
(e) hatima ya kanda na madaftari ya uwandani;
(f) nafasi ya warithi.

Kipengele cha mwisho hupuuzwa mno, ilhali miaka 50 huwahusu warithi peke yao.

5.0 Hitimisho

Mapatano ya mdomo hudumu maadamu wahusika wangali hai na wangali wanapatana. Kwa hiyo, idara zinazowatuma wanafunzi uwandani zinapaswa kuwafunza kuandika mkataba kama zinavyowafunza kuandika hojaji. Mkataba huo uandikwe kwa Kiswahili, ili mzee wa Singida naye ausome kabla ya kuutia saini.