Mlinzi wa Seli Akizidi Ukali

Kwa nini mwili huzeeka? Sababu ni nyingi. Moja yaweza kuwashangaza: huenda anayetukinga na saratani ndiye pia anayechangia uzee.

Mlinzi huyo ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Chembe za urithi ndani ya seli zikiharibiwa, labda na moshi wa sigara au jua kali, p53 huamka. Huizuia seli isigawanyike mpaka itengenezwe. Ikishindikana, huiua, isije ikawa saratani.

Mwaka 2002 watafiti wa Houston, Marekani, wakiongozwa na Lawrence Donehower, walieleza habari za panya wenye p53 kali kupita kiasi. Ni wachache sana kati yao waliopata saratani. Lakini walizeeka mapema: mifupa ilidhoofika, migongo ikapinda, vidonda vikachelewa kupona. Nusu yao walikufa kabla ya wiki 96. Kwa panya wa kawaida ilikuwa wiki 118. Yaelekea seli zilizuiwa mno, zikakosekana mpya za kushika nafasi ya zilizochakaa.

Mwaka huo huo, watafiti wa Hispania waliwaongezea panya p53 ya kawaida, inayoamka panapohitajika tu. Hao walikingwa na saratani bila kuzeeka upesi.

Tunajifunza nini? Panya si binadamu, wala hakuna kidonge cha ujana, msidanganywe. Lakini twaweza kumpunguzia mlinzi kazi: tuache sigara, na ndugu zetu wenye ualbino wavae kofia pana na nguo za mikono mirefu juani.