KWA NINI BEI YA MKONGE ILIANGUKA

Mnamo mwaka 1930 bei ya mkonge ilianguka. Katika mashamba ya pwani, kama vile ya Bagamoyo, vibarua wengi walikosa kazi, lakini kodi ilitakiwa vile vile. Je, mkonge ulikuwa mbaya? La.

Nyuzi zake zilisokotwa kamba za kufungia ngano huko Marekani. Wakati wa vita vya 1914–1918 wakulima wa huko walikopa fedha, wakapanua mashamba. Vita vilipokwisha, Ulaya ikalima tena. Ngano ikazidi, bei ikashuka, madeni yakabaki. Oktoba 1929 hisa za makampuni zikaporomoka huko New York. Baadaye mabenki mengi yakafilisika.

Basi mkulima asiye na fedha atanunuaje kamba? Ndivyo shida ya mbali ilivyomfikia kibarua wa Bagamoyo.